Mkakasi wa Pandora

Mvuvi aliyewahi kuvuta kasia usiku wa giza, mwezi haujachomoza, anajua namna maji ya bahari yanavyowaka. Kasia likizama huacha nyuma yake utepe wa nuru ya samawati, na samaki akishtuka chini ya ngalawa huonekana mwendo wake wote kama kimondo kilichopotea njia. Nuru hiyo haina moto wala joto. Ni viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hung'aa vikitikiswa. Mtu akichota maji kwa kiganja, nuru humeremeta kidogo baina ya vidole vyake kisha ikazimika.

Nuru ya namna hiyo ndiyo iliyowaduwaza watu ndani ya majumba ya sinema mwezi wa Disemba 2009, ilipotoka filamu ya Avatar ya mwongozaji James Cameron, mzaliwa wa Kanada. Watazamaji walipewa miwani maalumu ya kuifanya picha iwe na kina, taa zikazimwa, na kwa muda wa dakika 162 wakahamishiwa Pandora, mwezi wa kubuni ulioko katika nyota za Alpha Centauri. Huko msitu huwaka usiku. Kuvu na majani hung'aa, ardhi hutoa mwanga chini ya kila unyayo, na mbegu za mti mtakatifu huelea hewani mithili ya wale viumbe wa baharini, laini kama utandu, wanaowawasha waogeleaji. Kuna mimea mirefu iliyojizungusha kama pia ambayo ikiguswa hujikunja ghafla ikatoweka. Aliyepiga mbizi kwenye matumbawe ataitambua mara moja, kwani ni minyoo ya matumbawe iliyokuzwa ikapita kimo cha mtu. Baada ya filamu yake ya Titanic ya mwaka 1997, Cameron alitumia miaka kadhaa akishuka vilindini na kupiga picha za huko. Na mwezi wa Machi 2012 alishuka peke yake hadi chini kabisa ya Mfereji wa Mariana, karibu kilomita 11 chini ya maji. Msitu wa Pandora ni bahari iliyopandishwa nchi kavu.

Yapasa hili lisemwe mapema na bila ya choyo, kwa sababu wengi walioiponda filamu hii waliusifu uzuri wake kwa nusu sentensi, kana kwamba uzuri ni jambo linalojitokea lenyewe. Haukujitokea. Waigizaji walivishwa nguo za kubana zenye alama, na mbele ya uso wa kila mmoja ikafungwa kamera ndogo ya kunasa mtetemo wa midomo na mzunguko wa macho; kisha mafundi wa Weta Digital, mjini Wellington, New Zealand, wakavifanya vitendo hivyo kuwa vya watu wa samawati, warefu takriban mita tatu, wenye mikia na masikio yanayochezacheza. Gharama iliyotajwa ni dola milioni 237. Zoe Saldaña, aliyecheza kama Neytiri, haonekani kwa sura yake mwenyewe hata mara moja. Lakini Neytiri anapomlilia baba yake katika jivu la mti mkubwa ulioangushwa, kilio kile ni cha mwanamke mzima, wala hakuna anayekumbuka kompyuta. Na milima inayoning'inia hewani, yenye maporomoko ya maji ambayo huvukia ukungu kabla ya kugusa ardhi! Milima hiyo iliwagusa hata watawala wa Zhangjiajie, huko Uchina, kwenye nguzo za mawe zinazofanana nayo. Januari 2010 waliibadilisha jina nguzo moja wakaiita kwa jina la milima ya filamu. Mlima wa kweli ukaazima jina kwa mlima wa kuchorwa.

Sasa hadithi. Mwaka ni 2154. Kampuni ya wanadamu imefika Pandora kuchimba madini ghali yaitwayo Unobtanium, jina ambalo wahandisi wa Marekani walikuwa wakilitumia kwa mzaha, tangu zamani, kuita kitu chochote wanachokihitaji na wasichoweza kukipata. Wenyeji wa msitu ule ni watu wa Na'vi, na shehena kubwa ya madini iko chini ya mti wanaokaa. Jake Sully, askari wa zamani aliyepooza miguu, anachukua nafasi ya pacha wake aliyeuawa. Akili yake inaingizwa katika kiwiliwili kilichotengenezwa kwa mfano wa wenyeji, naye anatumwa akakae nao na kuwapeleleza. Anawapenda, anampenda binti wa chifu, anawageuka waliomtuma, anawaongoza wenyeji vitani na anashinda.

Mtazamaji yeyote aliyekwisha kuona sinema tatu nne anaweza kuimaliza hadithi hii ikiwa katikati. Lawama zilikuja mara moja, nazo zilikuwa na ushahidi. Askari anayewahamia maadui wa jeshi lake na kuwa mmoja wao alikwisha kuonekana katika Dances with Wolves ya Kevin Costner, mwaka 1990. Mgeni na binti wa chifu wamo katika katuni ya Pocahontas ya 1995, na msitu unaotafunwa na mashine umo katika FernGully ya 1992. Ursula K. Le Guin alikwisha kuandika, mwaka 1972, riwaya ya watu wa msitu wa sayari nyingine wanaoinuka dhidi ya wakata miti kutoka duniani. Poul Anderson naye, mwaka 1957, alikuwa na mlemavu wa kiti cha magurudumu anayeendesha kwa akili yake kiwiliwili cha kutengenezwa kilichoko kwenye sayari ya Mshtarii. Cameron mwenyewe hakukana kwamba amechota kwa Edgar Rice Burroughs na kwa filamu ya Costner. Waamuzi wa Tuzo za Oscar nao walitoa hukumu yao bila ya kusema neno: Avatar iliteuliwa mara tisa mwaka 2010, na katika hizo tisa hakuna uteuzi wa uandishi. Ilishinda tatu: za upigaji picha, za usanii wa mandhari na za athari za kuonekana.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndivyo ambavyo mtu wa pwani angetarajiwa kusema na kupita zake. Na jina la Pandora linauchokoza msemo huo, maana katika ngano za Wayunani Pandora ndiye mwanamke aliyepewa chombo kilichofungwa, na habari yote ilikuwa ni kilichomo ndani.

Lakini kwa msomaji wa tenzi, shutuma ya kuazima kisa inasikika ya ajabu kidogo. Bwana Mwengo wa Athumani, aliyetunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, hakubuni vita vya Tabuki wala hakumbuni Herekali. Waliokaa kumsikiliza walijua nani atashinda kabla ya ubeti wa kwanza, na bado walikaa, na beti ni zaidi ya elfu moja. Sayyid Aidarusi alipoitia katika Kiswahili Hamziya ya al-Busiri wa Misri, aliuweka mshororo wake chini ya mshororo wa mwenziwe, Kiarabu juu na Kiswahili chini, ili kila mwenye macho aone deni liko wapi. Watunzi wengi wa tenzi za kale huanza kwa kuomba wino na karatasi, kisha hukiri kwamba habari hii wameikuta chuoni na wao kazi yao ni kuipa mizani. Hakuna aliyewaita wezi. Kipande cha mti ndicho kilekile kwa maseremala wote, na mlango wa Lamu haulaumiwi kwa kuwa ni wa mbao.

Ila desturi hiyo ina sharti lake, na hapo ndipo Avatar inapopata taabu. Kisa kikiwa ni cha wote, mzigo mzima hushukia maneno. Msikilizaji asiyengojea kujua mwisho hungojea kina kitakachomshtua, tamko lililokaa mahali pake, sifa ya farasi au ya upanga ambayo hajaisikia ikisemwa hivyo. Akikosa hayo amekosa kila kitu. Cameron, aliyekuwa na muhtasari wa filamu hii mkononi tangu miaka ya tisini akingojea mashine ziweze kuichora, aliyapa majani ya msitu wake kila alichonacho. Watu wake aliwapa maneno ya kufikishia tu. Kanali Quaritch huzungumza kama kanali wa filamu nyingine yoyote. Meneja wa kampuni huzungumza kama tangazo la kampuni. Jake anasimulia mambo ambayo picha imekwisha kuyaonyesha, na kuyaonyesha vizuri zaidi.

Kipo kipimo kimoja cha jambo hili ambacho Ulaya na Marekani hawakuwa nacho. Katika Afrika ya Mashariki filamu nyingi za kigeni zilitazamwa katika mabanda ya video na sebuleni, kwa nakala, kwenye televisheni ndogo, pasipo miwani ya aina yoyote. Majumba mengi ya sinema ya zamani yalikwisha kufungwa au kugeuzwa kazi nyingine. Na katika mabanda hayo, Kenya na Tanzania, palikuwa na fundi ambaye wahakiki wa ng'ambo hawakumjua: mtafsiri, anayeingiza sauti yake juu ya sauti ya filamu na kuisimulia yote kwa Kiswahili, akiwabatiza wahusika majina, akiwatania, akiwaonya, akimtambulisha steringi na akimlaani adui. Filamu ya Avatar ikitazamwa hivyo imevuliwa nguo. Kina cha picha hakipo, rangi zimepauka, sauti ya msitu imefunikwa na jenereta la nje. Kilichobaki ni kisa na maneno, na maneno ni ya mtafsiri. Yeye ndiye anayerudishwa kwenye kazi ya kale ya mtunzi wa utenzi: kuchukua kisa kinachojulikana na kukifanya kisikilizwe. Mtafsiri hodari wa banda, kwa kipaza sauti chake kibovu, huwa na nafasi ya kuipa hadithi hii kile ambacho mamilioni ya dola hayakuinunulia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba maneno yalikuwepo, na yalilipiwa. Mwaka 2005 Cameron alimwajiri Paul Frommer, mtaalamu wa isimu wa Chuo Kikuu cha Southern California, amtungie lugha ya watu wa Na'vi. Frommer hakutunga kelele za kubahatisha. Alitunga lugha yenye sarufi, isiyo na sauti za b, d wala g, lakini yenye sauti za kupasuka kooni. Lugha inayohesabu kwa nane, kwa kuwa mikono ya wenyeji ina vidole vinne vinne. Filamu ilipotoka ilikuwa na maneno takriban elfu moja, na wapo watu waliojifunza kuisema na kuiandika.

Katika lugha hiyo tendo hufanya jambo linalostahili kutazamwa kidogo. Msemaji wa Kiswahili amezoea kulibebesha tendo mizigo: katika nakuona yumo anayeona, yumo anayeonwa, na wakati umo. Lakini Kiswahili hupachika mbele ya mzizi na nyuma yake, na mzizi wenyewe hubaki mzima. Lugha ya Frommer huupasua mzizi na kupachika ndani. Mzizi wa kuona, si kuona kwa jicho bali kuona kwa moyo na kuelewa, ni kame. Katika salamu ya filamu ambayo kila mtu ameisikia, mzizi huo hutamkwa kameie. Ile ei iliyoingia katikati haibadilishi anayeona wala wakati. Kazi yake ni kusema kwamba msemaji anafurahi kwa hilo analolisema. Furaha yake imewekwa ndani ya tendo, mahali ambapo haiwezi kutolewa bila ya kulivunja neno.

Hapo palikuwa na shairi zima, limelala katika neno moja. Muswada hauonekani kujua. Badala yake mwanasayansi kijana anamwelezea Jake, kwa Kiingereza, kwamba kuona huku si kuona kwa macho tu, ni kuona ndani ya mtu. Na baadaye, mtazamaji asije akasahau, salamu hiyo inarudiwa kwa Kiingereza katika saa za mapenzi na za kifo, kisha inafanywa wimbo wa kufungia filamu, nao kwa Kiingereza. Mfasiri yeyote anaijua huzuni hii. Ni sawa na kumwona mtu amebeba mtungi wa maji safari nzima, akifika anawaeleza wenye kiu kwamba maji ni kitu chenye manufaa.

Na tazama kilichotokea siku ya hotuba. Jake amerudi kwa watu waliomfukuza, na amerudi juu ya toruk, ndege mkubwa mwekundu ambaye, kwa masimulizi ya wenyeji wenyewe, amewahi kupandwa mara tano tu tangu enzi za nyimbo za kwanza. Hajakaa nao zaidi ya miezi mitatu hivi. Anasimama mbele ya Mti wa Roho kuwahutubia, na kwa kuwa lugha yao hajaimudu, anamwomba Tsu'tey amfasirie. Tsu'tey ndiye aliyelelewa kuwa kiongozi. Ndiye aliyeposewa Neytiri. Ndiye aliyemshuku mgeni tangu siku ya kwanza, na kushuku kwake kukathibitika kuwa haki kabisa. Sasa mti wa watu wake umeangushwa, chifu ameuawa, uongozi ni wake, na anapofika mbele ya watu wake katika siku kubwa kuliko zote, kazi anayopewa ni ukalimani. Anayatia maneno ya mgeni katika lugha ya mama yake, sentensi baada ya sentensi, kwa sauti nzuri, na umati unapaaza sauti kwa ajili ya yule mwingine.

Baadaye Tsu'tey anakufa vitani. Watazamaji wa mabanda wana kanuni yao, kwamba steringi hafi. Naye Tsu'tey hakuwa steringi.

Hiki ndicho kilichoazimwa bila ya kuangaliwa. Kuazima msitu, kuazima vita, kuazima hata binti wa chifu, si kitu. Lakini kisa cha zamani huja na kiti chake cha katikati, na aliyekalia kiti hicho tangu hadithi za Burroughs za mwaka 1912 ni mtu yuleyule: mgeni anayefika juzi, akajifunza upesi, akawa bora kuliko waliozaliwa hapo. Mtunzi anayeazima kisa ana uhuru wa kumwinua mtu huyo kitini na kumkalisha mwingine. Cameron alibadilisha sayari, rangi ya ngozi, idadi ya vidole na namna ya kuhesabu. Kiti alikiacha palepale. Jina la filamu lenyewe linakiri. Avatar ni neno la Kisanskriti, maana yake ni kushuka: mungu anayeshuka kutoka juu kwa umbo la kuazima ili awaokoe walio chini.

Pwani hii inao utenzi wa kulinganisha. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga habari za vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, mambo ya miaka ya 1888 na 1889, akiwa ni mtu wa zama hizohizo. Mgeni mwenye silaha kubwa anafika, anadai nchi, wenyeji wanainuka. Mifupa ya kisa ni ileile ya Pandora. Lakini kinatazamwa kwa jicho la watu wa Mrima, na katikati yake wamo wao, kwa ushujaa wao na kwa mafarakano yao, wala mwisho wake haukupambwa: Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889. Utenzi huo haukuhitaji Mdachi mwema wa kuvuka mstari ili upate mtu wa kusimuliwa.

Mtu aweza kujibu kwamba filamu ni mchezo, na mchezo usipimwe kwa mizani ya vita vya kweli. Jibu hilo lingefaa lau kisa hiki kingebaki Pandora, nacho hakikubaki. Filamu ilipata mapato ambayo hakuna filamu iliyowahi kuyapata, na pamoja na maonyesho yaliyorudiwa baadaye yamepita dola bilioni 2.9, kwa hiyo ilifika kila mahali, na baadhi ya mahali ilipofika palikuwa na watu wanaofukuzwa kweli. Januari 2010 Evo Morales, rais wa Bolivia wa wakati huo, mwenyewe Mwaymara, aliisifu. Februari 2010, katika kijiji cha Kipalestina cha Bil'in, waandamanaji walijipaka rangi ya samawati, wakavaa masikio na mikia, wakauelekea ukuta uliopita katika mashamba yao. Watu hao walikuwa na busara ambayo wahakiki waliikosa. Waliona kwamba dunia nzima imelia kwa ajili ya watu wa samawati, basi wakajitia samawati. Walichukua rangi, wakamwacha Jake Sully.

Cameron naye alikwenda. Mwaka 2010 alifika kwenye mto Xingu, Brazili, kuwaunga mkono wenyeji waliopinga bwawa la Belo Monte. Nia yake haina sababu ya kutiliwa shaka. Lakini katika mahojiano ya siku hizo aliwataja Walakota wa Marekani kwa namna iliyowaumiza, kana kwamba wangalipigana zaidi lau wangaliona yatakayowafika wajukuu wao. Walakota na washirika wao ndio waliokiangamiza kikosi cha Custer mwezi wa Juni 1876. Wasingeweza kulaumiwa kwa kutopigana. Maneno hayo yaliibuka tena mwezi wa Disemba 2022 ilipotoka sehemu ya pili ya filamu, ile ya watu wa bahari, na baadhi ya Wamarekani Asilia wakaitisha isusiwe. (Sehemu hiyo ya pili, iseme nani na iseme nini, ina maji mazuri kuliko maji yoyote yaliyowahi kuonyeshwa katika sinema, na kisa chake ni kilekile kimehamia ufukweni.) Bwawa la Belo Monte lilijengwa. Umeme wake ulianza kuzalishwa mwaka 2016.

Mahali pengine mambo yalikwenda njia nyingine. Katika jimbo la Odisha, India, wanakaa watu wa Dongria Kondh kwenye milima ya Niyamgiri, ambayo kwao ni makao ya mungu wao Niyam Raja. Ndani ya milima hiyo mna boksiti, udongo wa kutengenezea alumini, na kampuni kubwa ya madini iliutaka. Mwezi wa Februari 2010 shirika la Survival International lilichapisha tangazo katika gazeti la sinema la Variety, likimwambia Cameron kwamba hadithi yake inatendeka kweli na kumwomba awasaidie watu hao. Mwaka huohuo serikali ya India iliunyima mgodi kibali cha kutumia msitu. Kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu, nayo tarehe 18 Aprili 2013 iliamua kwamba wenyeji waulizwe wenyewe katika mabaraza ya vijiji vyao.

Serikali ya jimbo ilichagua vijiji 12 kati ya zaidi ya 100. Ilikuwa masika ya kule, njia za mlimani zimejaa matope. Mabaraza yalianza katikati ya mwezi wa Julai, na jaji wa wilaya alipanda mlima kuhudhuria kama mwangalizi. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine, wanawake kwa wanaume, wakausema mlima wao kwa lugha yao ya Kuvi: uko wapi msitu wa mungu, ziko wapi chemchemi, nini kinaota wapi. Kijiji cha kwanza kilikataa, na cha pili, na cha tatu. Cha kumi na mbili, Jarapa, kilikutana tarehe 19 Agosti, nacho kikakataa.